Miito Miwili Iliyobaki

Mahakama ya zamani ya Dhaurapur imefungwa kwa kufuli kubwa, na mbuzi wa mtaa hulala barazani kwake bila kuulizwa na mtu. Kila asubuhi Gorelal Ahirwar, akitoka kununua maziwa, hupita pale, huweka kopo chini, na huigusa nguzo ya tatu kutoka mlangoni. Nguzo hiyo imelainika pale inapofika bega lake. Utu uzima wake wote aliiegemea, akingoja kengele ilie ndani na karani amtajie shauri linalofuata. Hapo alikuwa akijiondoa nguzoni, akiuweka sawa mshipi wake mwekundu wenye beji ya shaba, akikijaza kifua, na kuita.

Mahakama mpya iko kando ya barabara kuu. Ina lifti, ina feni zinazofanya kazi, na ukutani pana ubao wa umeme unaowasha namba nyekundu. Namba yako ikiwaka, unaingia. Gorelal alikwenda mara moja kuitazama. Akakuta watu wameinua nyuso kama abiria wanaongoja treni, na hakuna mtu aliyekuwa akiitwa. Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe kwamba jengo ni zuri kweli, ila ni bubu.

"Heri lililo bubu," mkewe akasema huku akigeuza chapati. "Mimi niliozwa kipaza sauti, masikio yangu yanajua."

Gorelal alicheka. Lakini usiku ule, kama usiku mwingine mwingi, aliyakumbuka majina. Nyuso nyingi zimemtoka, majina bado anayo. Yanapanda kooni mwake yenyewe, na jina la baba likifuata nyuma kama ndama anavyomfuata mamaye.

Kijijini kwao baba yake hakuwa na jina zima. Alikuwa fundi wa viatu, kama Waahirwar wengi, watu wa tabaka la chini waliokaa upande wa kusini wa kijiji, na wenye mashamba walimwita Panchua, kama mtu anavyomwita mbwa anayempenda kidogo. Aliitika akiwa ameshavua viatu, maana mbele ya nyumba zile watu wa upande wa kusini hawakupita wamevaa viatu, hata kama viatu vya mwenye nyumba wamevishona wao. Katiba ilikuwa imeshapiga marufuku mambo hayo kabla Gorelal hajazaliwa. Ila Katiba ilikuwa Delhi, na kutoka Delhi hadi kijijini kwao njia ilikuwa na matope.

Siku moja mabwana wawili waligombania miti iliyokatwa mpakani, na Panchua ndiye aliyeiona ikikatwa. Akaitwa Dhaurapur kutoa ushahidi. Gorelal, mtoto wa darasa la tatu, alimfuata kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumwachia. Wakakaa chini ya baraza, juani. Mzee mwenye ndevu za hina akatoka mlangoni, akamwita bwana mkubwa: Raghuraj Singh mwana wa Mardan Singh, ahudhurie. Bwana akaingia akipindua masharubu. Baada ya muda mzee yule akatoka tena, na kwa mlio uleule, bila kuupunguza hata nukta, akaita: "Pancham Ahirwar mwana wa Halkai Ahirwar, ahudhurieee."

Baba hakusimama. Aligeuka nyuma kutazama ni nani huyo. Mzee akaita mara ya pili. Ni mara ya tatu ndipo baba alipojigusa kifua, akainuka taratibu, akaingia. Wakati wa kurudi, walipoufikia mto, baba akasema, kama anayejisemea, "Hata jina la babu yako wanalo."

Gorelal hakusahau. Wenzake walitaka kuwa madereva na askari. Yeye alikwenda mtoni, akawaita kenge na korongo kwa majina ya baba zao.

Alipofika ujana mahakama ilitangaza nafasi ya mwitaji, na kwa kuwa Katiba imetenga sehemu ya kazi za serikali kwa watu wa jamii kama yake, aliomba. Jaji wa wakati huo alimpeleka mpaka kwenye geti la nje, akamwambia aite kutoka pale. Jaji akaingia chumbani, akafunga mlango. Aliposikia jina lake mwenyewe na la marehemu baba yake yakimjia kupitia mbao, alisema kijana aanze kazi Jumatatu.

Miezi ya mwanzo haikuwa tamu. Kibanda cha chai kilichokuwa pembeni ya baraza kilikuwa cha Baijnath Sahu, na Baijnath alimwekea Gorelal kikombe chake peke yake, kimetundikwa msumarini nje, wengine wakinywea bilauri za ndani. Gorelal alikinywea, akakiosha mwenyewe, akakitundika. Kisha Baijnath akashtakiwa kwa kodi ya kibanda. Asubuhi ile baraza lilijaa mawakili, makarani na wateja wake, na Gorelal akatoka akaita, kwa pumzi yake yote: Baijnath Sahu mwana wa Ganesh Sahu, ahudhurie. Alimwita vile alivyoitwa bwana mwenye masharubu, na vile alivyoitwa baba yake. Hapakuwa na la ziada, wala la upungufu. Kesho yake msumari ulikuwa mtupu, na chai ikaja ndani ya bilauri. Mpaka leo anaikumbuka chai ile: ilikuwa na tangawizi nyingi mno.

Enzi zile zilikuwa na utamu wake. Palikuwa na wapiga chapa waliojipanga ukutani, mashine zao zikilia kama mvua ya mabati. Palikuwa na Tarehe Ishirini na Sita Januari, sikukuu ya Jamhuri, ambapo jaji mwenyewe alipandisha bendera, kila mtu akapewa laddu mbili, vile vidonge vitamu vya unga na sukari, kwenye karatasi, na wote wakasoma pamoja utangulizi wa Katiba uliobandikwa ukutani ndani ya kioo. Gorelal aliupenda ule mwanzo wake, Sisi watu wa India. Aliona kwamba sheria kubwa kuliko zote nayo inaanza kwa kuita. Tena hawaiti wachache: yeyote asikiaye anaweza kusimama aseme, ni mimi.

Nanhe, mwana wa Baijnath aliyerithi kibanda, hakuwa na heshima hiyo. "Bunge linatunga, serikali inatangaza, mahakama inaahirisha," alikuwa akisema huku akimimina chai kutoka juu, "na mimi nawauzia chai wote watatu. Niambie, kaka Gorelal, mkubwa nani?"

Mara moja aliitwa shahidi aliyekuwa waziri huko Bhopal. Alikuja na magari, na vijana wake wakamzunguka Gorelal nguzoni, wakamwelekeza: atangulize Mheshimiwa, amalizie na cheo. Akawaambia yeye hana uwezo wa kuongeza wala kupunguza. Mmoja akamuuliza kama ana habari kwamba watumishi huhamishwa. Gorelal akajibu kwamba habari anayo, akatoka, akaita jina la waziri na jina la baba yake, basi. Waziri akaingia kwa mwito wa kwanza, akatoa ushahidi, akaondoka. Gorelal hakuhamishwa. Nanhe alimtania mwaka mzima kwamba uhamisho wake nao umeahirishwa.

Kwa hiyo alijiamini. Aliamini kwamba mwito wake ukitoka sawa kwa wote, haki imeshafika nusu ya njia. Aliamini hivyo mpaka mwaka wake wa mwisho kazini, ilipokuja siku ya Siyarani Kushwaha.

Siyarani alikuwa mjane wa kijiji cha Patha. Mumewe alimwachia shamba dogo lenye kisima, na mara matanga yalipokwisha, shemeji yake mkubwa, Harprasad, aliingiza plau humo akasema ardhi ya ukoo hailimwi na mwanamke. Siyarani akashtaki. Miaka ikapita. Kila tarehe alikuja na basi la asubuhi, akakaa chini karibu na nguzo ya tatu, ncha ya sari ameishusha mpaka kidevuni, akimenya njegere ndani ya mkunjo wa nguo yake. Gorelal alimwona na hakumjua. Hakuwahi kuwa na haja ya kumjua, maana shauri lilipoitwa, wakili wake, Bwana Saxena, alijitokeza mbio kutoka kibanda cha Nanhe akasema, "Tupo."

Siku ile mawakili waligoma. Hakuna koti jeusi lililovuka geti. Jaji Khare, mtu mkavu asiyependa maneno mengi, alikuwa ameagizwa na Mahakama Kuu kuyamaliza mashauri ya kale, akasema wenye mashauri wana miguu yao, waitwe wenyewe. Harprasad aliitwa, akaingia. Kisha Gorelal akaita, "Siyarani Kushwaha mke wa marehemu Suraj Kushwaha, ahudhurie." Akangoja kama alivyozoea, akaita tena. Mara ya tatu aliivuta ndefu, mpaka njiwa wakaruka paani. Hakuna aliyesimama. Jaji akaandika kwamba mdai ameitwa mara tatu na hakuonekana, shauri limefutwa.

Jioni, baraza lilipokuwa tupu, yule mwanamke wa njegere alimsogelea.

"Kaka, leo mimi hawakuniita?"

"Jina lako nani, dada?"

"Bamhoriwali."

Gorelal alielewa, kama mtu yeyote wa nchi ile angeelewa. Mwanamke akiolewa, jina lake hubaki kwao. Huko aendako huitwa kwa kijiji alikotoka: aliyetoka Bamhori ni Bamhoriwali, mpaka kufa.

"La kwenye karatasi," akamwambia taratibu.

Akachora chini kwa kidole gumba cha mguu. "Siyarani," akasema, kwa haya, kama anayetaja la mtu mwingine.

Gorelal akakaa kwenye ngazi. "Nilikuita, dada. Nilikuita mara tatu."

"Nilisikia," mwanamke akasema. "Nikasema moyoni, huyu Siyarani mbona haji, na watu wanamngoja."

Usiku ule Gorelal hakula. Alimwona baba yake akigeuka nyuma kutazama ni nani huyo. Yeye, mwana wa mtu yule, ndiye aliyepaswa kujua kuliko wote kwamba jina lisilozoea kuitwa halina masikio. Akamsimulia mkewe. Ramdei alisikiliza mpaka mwisho, akafunika dengu zilizopoa.

"Na mimi unaniitaje?" akauliza.

"Wewe?"

"Mimi. 'Sikia wee.' 'Mama Kamlesh.' Umeiita wilaya nzima kwa majina kamili, wezi na mawaziri. Langu hujalitamka hata kwa bahati mbaya."

"Si desturi," Gorelal akasema.

"Ndiyo hivyo. Hata kumwita huyo wa Bamhori kwa jina lake si desturi."

Mgomo ulipokwisha Bwana Saxena aliomba shauri lirudishwe. Sheria inaruhusu, ikiwa mdai ana sababu ya kutosha ya kutohudhuria. Siyarani alikuwa na sababu moja tu, na hata wakili wake aliona haya kuisema mbele ya watu. Gorelal naye alibakiwa na wiki tatu za kazi. Alitaka jambo moja kabla ya kuvua mshipi: aliite jina lile tena, na liitikwe. Alijua pia kwamba atakayeulizwa ni yeye, na kwamba jibu la kweli linaweza kummaliza mjane yule.

Siku ya kusikilizwa, wakili wa Harprasad alisema mambo ni mepesi. Mdai aliitwa kisheria. Mwitaji mwenyewe yuko mlangoni, aulizwe. Jaji Khare akainua macho.

"Gorelal. Uliita?"

"Niliita, Mheshimiwa. Mara tatu."

"Alikuwepo?"

Bwana Saxena alikuwa akimtazama kwa macho ya kumwomba.

"Alikuwepo, Mheshimiwa. Alikuwa nguzo ya tatu, karibu na mimi."

Wakili wa Harprasad akaketi, akitabasamu. Jaji akaishika kalamu, kisha akaiweka. "Basi hakuitika kwa nini?"

"Mheshimiwa, niliita jina la kwenye faili. Tangu aolewe hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Nilimwita kwa jina la kwenye karatasi, na yeye hajawahi kuishi kwenye karatasi."

Wakili akasimama haraka, akasema hizo ni hadithi za baraza, mtu mzima anajua jina lake. Jaji alimgeukia Harprasad aliyekaa mbele, kilemba magotini.

"Huyu mjane ni nani kwako?"

"Mke wa mdogo wangu, Mheshimiwa."

"Mmeishi ua mmoja?"

"Tangu alipoletwa bibi arusi, Mheshimiwa."

"Jina lake nani?"

Harprasad alifungua kinywa. Akamtazama wakili wake. Akakitazama kilemba. Mtu aliyeshindana na jina lile mahakamani miaka yote hiyo alishindwa kulitamka.

"Mheshimiwa, mimi ni shemeji mkubwa. Kwetu jina la mke wa mdogo halitajwi. Ni Bamhoriwali."

"Na wengine wa ua wenu wanamwita nani? Majirani? Mwenye duka?"

"Bamhoriwali, Mheshimiwa."

Kicheko kilipita nyuma, Nanhe akiwa wa kwanza, birika mkononi. Hata jaji alijikuna kidevu ili kuuficha mdomo. "Bwana wakili," akasema, "mteja wako ameniletea sababu ya kutosha. Shauri limerudishwa."

Akaipanga tarehe ya ushahidi iwe karibu, na kwa bahati, au kwa hisani ambayo jaji mkavu hawezi kuikiri, iliangukia siku ya mwisho ya Gorelal.

Wiki mbili zilizobaki Siyarani alifundishwa jina lake. Kila alipokuja mjini kuuza njegere alipita kibandani, na Nanhe alimpa chai akisema, "Chukua, dada Siyarani." Mwanzoni alikuwa akiangalia nyuma. Gorelal alimwambia ajiite mwenyewe kisimani, pale ambapo hakuna mtu. Alijibu kwamba amejaribu, na kisima kikamrudishia sauti, akaogopa, halafu akalizoea. Jina la mumewe ndilo alilokataa kabisa kulitaja, maana jina la mume halitajwi na mkewe. Nanhe alipomuuliza atafanyaje kizimbani, alinyosha kidole juu kwenye jua, kwa kuwa Suraj maana yake ni jua. Nanhe akasema aombe Mungu siku hiyo kusiwe na mawingu.

Siku yenyewe ilikuwa na baridi kavu ya Februari. Gorelal aliinyosha kanzu yake nyeupe mwenyewe, akaisugua beji kwa majivu na ndimu. Wapiga chapa waliacha mashine zao. Kengele ikalia. Karani akataja shauri, na Gorelal akajiondoa nguzoni kwa mara ya mwisho, akajaza kifua.

"Siyarani Kushwaha mke wa marehemu Suraj Kushwaha, ahudhurie."

Hakuvuta. Hakuongeza Bamhori, hakuna kilichozidi kile alichokuwa akiwapa wengine. Kifuani alikuwa amekwisha kuweka tayari mwito wa pili na wa tatu.

Upande wa ukuta mwanamke alisimama. Njegere zikamwagika kutoka nguoni mwake, zikaviringika barazani mpaka miguuni kwa Gorelal. Akaisogeza ncha ya sari mpaka kwenye paji la uso, na kwa mara ya kwanza watu wakauona uso wake.

"Nipo," akasema. "Ni mimi."

Akapita mbele ya Harprasad, akaingia.

Shamba alilipata, ingawa hukumu ilitoka baada ya monsuni, wakati Gorelal akiwa nyumbani. Habari aliletewa na Nanhe, pamoja na kikapu cha njegere kutoka Patha. Lakini yeye huikumbuka zaidi jioni ile ya Februari. Walimvisha shada la maua ya rangi ya chungwa, jaji akampa mkono, naye akavua mshipi, akaukunja, akamkabidhi karani. Akatembea hadi kwake huku kifua kikiwa kizito, kama mtu aliyebeba kitu cha watu ambacho hakukirudisha. Ilikuwa ile miito miwili. Hakuna aliyeihitaji.

Alipofika kwenye geti lake alisimama. Moshi wa jiko ulikuwa ukitoka dirishani. Jirani mmoja alikuwa akimkamua nyati wake wa maziwa, mwingine akianua nguo. Gorelal akaangalia kushoto na kulia, akajinyoosha, akajaza kifua.

"Ramdei Ahirwar binti wa Khuman Ahirwar, ahudhurieee."

Jirani akaacha kukamua. Jikoni kijiko kiligonga sufuria, kikanyamaza. Hakuna aliyetoka. Gorelal akangoja, kama alivyozoea kungoja, akaita mara ya pili, sauti ikitetemeka mwishoni kama ambavyo haikuwahi kutetemeka barazani.

Ramdei akatokea mlangoni, mikono imejaa unga, machozi ya moshi au machozi tu yakimshuka mashavuni.

"Nilisikia tangu mara ya kwanza," akasema. "Nilitaka urudie."